Farasi wa Luoyang: sanamu za kuiga enzi ya Tang zinavyofinyangwa, zinavyochomwa na zinavyokaguliwa

Farasi wa udongo mwenye glezi, yaani ngozi ya kioo inayoyeyushwa juu ya udongo, ya kaharabu na kijani, shingo imepinda, tandiko mgongoni, kwato nne juu ya kibao chembamba: ukimkuta dukani, hotelini au juu ya kabati la ofisi, karibu kila mara ni kazi ya miaka ya karibuni. Mtindo wake ni wa enzi ya Tang (618–907). Wachina wanauita sancai, yaani rangi tatu, ingawa zinaweza kupungua au kuzidi hapo: kaharabu, kijani, nyeupe ya maziwa, na bluu kwa waliokuwa na uwezo. Kutengeneza nakala si udanganyifu. Huko Luoyang, katika jimbo la Henan, ni kazi halali yenye mafundi wanaoheshimika. Udanganyifu unaanza pale muuzaji anapodanganya umri wa kitu.

Wanunuzi wengi hutazama rangi kwanza, na hapo ndipo wanapopotea. Nakala nzuri na mbaya hutengana mapema zaidi, kwenye udongo, kwenye ukaushaji na kwenye mchomo wa kwanza. Glezi huja baadaye kufichua tu yaliyokwisha kuharibika.

Tuanze na zile za asili, maana huwezi kukagua nakala bila kujua inaiga nini. Sanamu za sancai zilikuwa vyombo vya kaburini. Sheria za Tang zilipanga idadi kwa cheo cha marehemu: maofisa wa daraja la tatu kwenda juu waliruhusiwa vipande 90, daraja la tano kwenda juu 60, daraja la tisa kwenda juu 40. Mwaka 741 idadi hizo zilipunguzwa hadi 70, 40 na 20. Hata urefu ulipangwa: sanamu kuu zisizidi chi moja, kipimo cha takriban sentimita 30. Watu hawakutii. Ngamia aliyebeba wapiga muziki kutoka kaburi la Xianyu Tinghui, aliyezikwa mwaka 723 na kaburi lake kufukuliwa Xi'an mwaka 1957, ana sentimita 58.4. Sanamu zinazohusishwa na kaburi la jemadari Liu Tingxun, aliyefariki mwaka 728, ambazo leo ziko British Museum, London, zilizo ndefu zinafika takriban mita moja. Kwa hiyo mtu akikwambia farasi mkubwa hawezi kuwa wa kale kwa sababu sheria ilikataza, hajui makaburi yenyewe.

Zilichomwa katika majoko kadhaa: Gongxian (leo Gongyi) huko Henan, Huangbao karibu na Tongchuan huko Shaanxi, na ndani ya jiji la Chang'an kwenyewe, mji mkuu wa Tang (leo Xi'an). Kilele chake ni kuanzia mwishoni mwa karne ya 7 hadi uasi wa jemadari An Lushan mwaka 755. Baada ya hapo zilisahaulika, mpaka ilipojengwa reli ya Kaifeng hadi Luoyang kati ya 1905 na 1909. Wachimbaji walipita kwenye vilima vya Mangshan, kaskazini mwa Luoyang, ambako makaburi yamebanana kupita kiasi. Vitu vya kaburini vilikuwa mkosi kwa watu wengi, kwa hiyo vingi vilivunjwa au kutupwa, hadi wasomi na wafanyabiashara wa Beijing walipoanza kuvinunua. Hapo ndipo ikazaliwa kazi ya kuunga vilivyovunjika, na mtu anayeunga mguu wa farasi kwa miaka mingi mwishowe anaweza kufinyanga farasi mzima. Kijiji cha Nanshishan, eneo la Mengjin, kilijengeka juu ya kazi hiyo, na ukoo wa Gao ndio unaotajwa sana. Mwaka 2008 ufundi wa kuchoma sancai wa Luoyang uliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi usioshikika.

Kwetu pwani vyombo vya Kichina si vigeni: bakuli zilipachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi na Mambrui, na vigae vya wakati wa Tang vimechimbwa Shanga na Manda katika visiwa vya Lamu. Lakini hivyo vilikuwa vyombo vya biashara na vya mezani. Sanamu za sancai zilitengenezwa zizikwe na wenyewe hukohuko, kwa hiyo hadithi ya farasi wa Tang "aliyeokotwa Lamu" ipokee kwa tahadhari kubwa.

Sasa udongo. Unaotakiwa ni udongo mweupe wenye kaolini nyingi, wa aina moja na ule wa vilima vya Pugu, nje ya Dar es Salaam. Mwekundu wa kawaida hautafaa, kwa sababu glezi ya sancai, iliyotengenezwa kwa madini ya risasi, inapitisha mwanga: juu ya udongo mwekundu kijani kinakuwa cha matope na nyeupe inapotea kabisa. Wanaolazimika kutumia udongo mwekundu huupaka kwanza tabaka la uji mweupe wa kaolini, lakini tabaka hilo likiwa nene hubanduka pamoja na glezi. Kaolini tupu nayo haishikani vizuri mikononi. Huchanganywa na udongo mnato kiasi, husagwa, huchekechwa, huachwa ulowe kwa wiki kadhaa, kisha hukandwa mpaka hewa yote itoke. Kipovu kimoja kilichobaki shingoni ndicho kitakachopasua shingo hiyo jokoni.

Farasi hufanyizwa kwa kalibu. Fundi huchonga kwanza mfano kamili wa udongo, kisha huufunika kwa jasi vipande vipande: nusu mbili za kiwiliwili, kichwa, miguu, masikio, mkia. Hapa kuna hesabu ambayo wakaguzi wenye uzoefu huitumia sana. Udongo hupungua unapokauka na kuchomwa. Chukua udongo unaopungua asilimia 12: ukitaka farasi wa sentimita 50, mfano wako uwe na karibu sentimita 57. Mtu mvivu hachongi mfano. Hupiga kalibu moja kwa moja kutoka sanamu iliyokwisha kuchomwa, ya makumbusho au ya jirani yake, na farasi wake wa sentimita 50 anazaa wa sentimita 44. Huyo wa 44 akipigiwa kalibu naye, anazaa wa chini ya 39. Kila kizazi kinapoteza ukali wa mistari: hatamu zinakuwa uvimbe, mianzi ya pua inajaa, nyuzi za nywele zinayeyukiana. Ukijua kipimo cha sanamu mashuhuri ya makumbusho, ukakuta "pacha" wake amepungua karibu sehemu moja ya kumi kila upande, umekwisha kumaliza ukaguzi.

Udongo hubonyezwa ndani ya kalibu kwa vidole, unene wa milimita 5 hadi 8 kwa farasi wa nusu mita, sawasawa kila mahali. Unene usiolingana ndiyo chanzo kikuu cha nyufa, kwa sababu sehemu nyembamba hukauka na kusinyaa kabla ya nene. Jasi hunyonya maji, na baada ya muda kipande hujibandua chenyewe. Vipande huunganishwa vikiwa bado vina unyevu unaolingana: kingo hukwaruzwa, hupakwa uji wa udongo uleule mzito mfano wa uji wa mtama, hubanwa, kisha kamba nyembamba ya udongo hupitishwa ndani ya mshono na kusuguliwa. Chini ya tumbo huachwa tundu la mviringo. Wengine hudhani ni dosari, kumbe ni njia ya hewa na mvuke, na farasi wa Tang wenyewe wanalo. Kwenye baadhi ya farasi wa kale utakuta mfereji shingoni na tundu la mkia, palipopachikwa nywele za kweli. Wengine wana nywele zilizochongwa zikakatwa mafungu matatu. Mwigaji makini huchagua mtindo mmoja. Anayechanganya mfereji na mafungu matatu kwenye shingo moja ameiga picha bila kuielewa.

Kusimama ndiko kugumu. Kiwiliwili kizito kinakaa juu ya miguu minne myembamba yenye unyevu, na miguu hukauka haraka kuliko tumbo. Tiba ni mbili. Miguu na masikio hufungwa plastiki ili vingoje tumbo, na chini ya tumbo huwekwa nguzo ya udongo uleule uliotengenezwa siku ileile. Nguzo ya mbao au tofali haifai: farasi anasinyaa, nguzo haisinyai, na mwishowe inamnyanyua mpaka mapaja yanapasuka. Nguzo ya udongo hushuka pamoja naye. Kibao cha chini nacho kinahitaji kuteleza kinaposinyaa, kwa hiyo hulazwa juu ya mchanga mkavu. Bila mchanga kibao hung'ang'ania mahali pake na kuvuta kwato nje. Farasi wa nusu mita anahitaji wiki mbili hadi tatu kivulini, pasipo upepo. Ukimgusa na shavu akawa bado baridi, maji yamo.

Mchomo wa kwanza ni wa udongo mtupu, bila glezi, kwenye nyuzi 1,050 hadi 1,100 za Selsiasi. Mwanzo ni polepole: joto hushikiliwa chini ya nyuzi 120 kwa saa kadhaa ili maji yatoke bila kuchemka ndani ya ukuta, kisha hupandishwa takriban nyuzi 60 kwa saa mpaka kupita 600. Karibu na nyuzi 573 chembe za kwatzi (madini magumu ya mchanga) zilizomo kwenye udongo hubadili umbo na kuvimba ghafla, na zikipoa hapo hapo husinyaa ghafla. Ndiyo maana nyufa ndefu zilizonyooka, zenye kingo kali, mara nyingi ni za kupoza haraka, wakati ufa uliopinda na kupanuka ni wa ukaushaji. Zaidi ya 600 unaweza kwenda kasi. Ukipita 1,100 sana, miguu huanza kupinda. Joko halifunguliwi mpaka lishuke chini ya nyuzi 150, hata mteja awe amekaa mlangoni.

Kuna wanaopunguza mchomo huu hadi nyuzi 900 ili kuokoa mafuta au umeme. Matokeo yake ni udongo unaonyonya kupita kiasi, unaotoa gesi tena kwenye mchomo wa pili, na glezi inajaa vitundu vidogo. Ukigonga sanamu ya namna hiyo kwa ukucha inatoa sauti iliyokufa.

Glezi ya sancai ni kioo cha risasi. Katika zile za kale oksidi ya risasi ni takriban nusu ya uzito wa glezi au zaidi. Kilichobaki ni silika na alumina kidogo. Karakana za sasa zilizo makini hutumia friti, yaani risasi iliyokwisha kuyeyushwa na silika ikawa kioo, ikasagwa, kwa sababu unga mbichi wa risasi unaua mafundi taratibu. Kwa gramu 100 za friti, gramu 2 hadi 4 za oksidi ya shaba hutoa kijani, gramu 4 hadi 6 za oksidi ya chuma hutoa kaharabu, na nusu gramu hadi gramu moja ya oksidi ya kobalti hutoa bluu. Kaolini kidogo huongezwa ili unga usituame chini ya ndoo. Ukiona kijani kinaelekea feruzi, jua risasi imepunguzwa na friti ya sodiamu au potasiamu imewekwa badala yake: shaba katika kioo cha risasi ni kijani cha majani, katika kioo cha alkali ni feruzi. Kwa afya ya fundi ni heri hivyo. Kwa uigaji wa Tang ni kosa.

Hupakwa kwa brashi, unene usiozidi milimita moja: isiyo na rangi kwanza, kaharabu pembeni yake, kijani kwa matone juu ya mgongo na tandiko. Rangi hazichorwi, zinaachwa zitiririke zenyewe. Kwa sababu hiyo sehemu ya chini ya miguu hupakwa kwa unyimivu, na sentimita moja au mbili za mwisho pamoja na kibao huachwa wazi au hupakwa kidogo sana. Kinachotiririka mpaka kwenye kibao kinaweza kugandisha sanamu kwenye rafu ya joko, na hapo utachagua kipi uvunje.

Mchomo wa pili ni nyuzi 800 hadi 900, na hewa ya kutosha wakati wote. Moshi ukitawala jokoni, risasi inageuka kijivu na mapovu yanainuka. Nyuzi 30 za ziada zinatosha kuharibu: kijani na kaharabu vinaingiliana vikawa hudhurungi, na shanga nene ya glezi inaning'inia chini ya tumbo. Joto likipungua, matone yanabaki matone, kila moja na ukingo wake. Kwenye kazi iliyofaulu utaona kijani kimeshuka begani, kikachanua kilipokutana na nyeupe, na mstari wa mwisho umesimama juu ya goti ukiwa mnene kidogo kuliko ulipoanzia.

Sanamu ikishatoka jokoni usishtuke kusikia inalia ti, ti. Glezi inaposinyaa kuliko udongo ulio chini yake, hutatuka nyufa nyembamba za unywele, na sauti hizo zinaweza kuendelea kwa siku kadhaa. Nyufa hizo zinatakiwa. Zisizotakiwa ni zile zinazoendelea hadi glezi ibanduke magamba.

Watu na wapanda farasi wana hatua moja zaidi. Kichwa hufinyangwa peke yake, na uso hauguswi na glezi, kwa sababu glezi ingejaza macho na midomo. Baada ya mchomo wa pili uso hupakwa weupe, kisha nyusi kwa wino, midomo na mashavu kwa rangi nyekundu iliyochanganywa na gundi ya ngozi. Rangi hii haikuchomwa, kwa hiyo kitambaa chenye maji kitaifuta. Futa vumbi la uso kwa brashi kavu laini tu.

Risasi isichukuliwe mzaha. Farasi kabatini hana madhara, lakini bakuli la sancai si la chakula, hasa cha chachu: ukwaju, ndimu, achari, siki, vyote huinyonya risasi kutoka kwenye glezi. Usisugue glezi kwa msasa, na vipande vilivyovunjika visichezewe na watoto.

Uzeeshaji ni fani yake. Glezi mpya ina mng'ao mkali unaoumiza macho, na karakana huupunguza kwa asidi, kisha hupaka tope la Mangshan. Hapo bado si kosa, mradi mnunuzi anaambiwa. Tope la kughushi mara nyingi limeshikizwa kwa gundi. Pamba yenye asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, hulilainisha, wakati udongo ulioganda kaburini kwa karne nyingi hauijali asetoni. Kwenye glezi ya kale iliyokaa na unyevu ardhini hujitokeza utando wa rangi za upinde wa mvua, uliotokana na risasi kuoza tabaka kwa tabaka. Asidi hutoa ukungu mmoja uliosambaa kote, hata ndani ya mikunjo ambako udongo haukuwahi kugusa. Tazama pia nyufa za unywele kwa kioo cha kukuzia: zilizotiwa chai au rangi zina weusi unaolingana kila mahali, na kitu kilichozikwa hakichafuki kwa usawa namna hiyo.

Panapobishaniwa fedha nyingi, hutumika kipimo cha mwanga wa joto. Chembe za kwatzi ndani ya udongo hukusanya nishati ya mionzi ya asili mwaka hadi mwaka, na mchomo wa jokoni huirudisha kwenye sifuri. Maabara hutoboa unga kidogo mahali pasipoonekana, huupasha joto na kupima mwanga unaotoka. Mwaka 1972 kipimo hiki huko Oxford kilionyesha kuwa vinyago vyeusi vilivyouzwa kwa jina la Huixian, na kudhaniwa kuwa vya kabla ya enzi ya Qin, vilikuwa vya kisasa. Walaghai wakajifunza: huunganisha kibao na miguu ya kale na kiwiliwili kipya, au hupiga sanamu mionzi ili ionekane imezeeka. Ndiyo maana cheti chenye tundu moja lililotobolewa kwenye kibao hakina thamani kubwa. Dai matundu mawili au zaidi, moja likiwa kwenye kiwiliwili, pamoja na picha ya eksirei inayoonyesha viungio.

Askari wa Lintong, wale walioigwa kutoka jeshi la udongo la Qin Shi Huang, mfalme mkuu wa kwanza wa China, lililofukuliwa mwaka 1974 karibu na Xi'an, ni kazi tofauti na hawahitaji maneno mengi. Hawana glezi. Rangi yao ya kijivu hutokana na kulinyima joko hewa mwishoni, na miguu hufanywa mizito ibebe kiwiliwili kitupu. Wengi wa bei nafuu ni jasi iliyopakwa rangi: kwaruza chini ya kibao kwa ncha ya ufunguo, ukitoka unga mweupe laini, si udongo.

Anayenunua China, akiwemo mfanyabiashara wetu anayezunguka Guangzhou, adai risiti inayosema wazi kuwa ni kazi ya mikono ya kisasa. Sheria ya China hairuhusu kutoa nje vitu vya kale vya mwaka 1911 kurudi nyuma, na sanamu iliyozeeshwa vizuri bila karatasi inaweza kuzuiwa forodhani mpaka ikaguliwe. Katika kufunga, jaza kwanza sponji kati ya miguu minne na chini ya tumbo, kisha zungushia masikio na mkia peke yake kabla ya kufunika mwili mzima. Beba kwa mikono miwili, mmoja chini ya kibao na mwingine ubavuni. Shingo ina mshono palepale unapotaka kuishika.